Nitajua Namna Gani Kama Mungu Ananiita?



Kuna ulizo moja ambalo padri anayefundisha vijana anaulizwa kila mwaka. Kijana anangoja wenzake watoke darasani, anasogea karibu na meza, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Padri, wenzangu wanasema kwamba Mungu amewaita. Mimi sijasikia kitu. Sikuota ndoto, sikuona alama yoyote. Labda ninajidanganya." Pengine anayeuliza ni mutoto wa seminari ndogo, pengine ni fratri aliyekwisha kumaliza filosofia. Hata mapadri wanajiuliza ulizo hilo siku za mazito.

Tusilicheke ulizo hilo. Lisipojibiwa vizuri, mabaya mawili yanaweza kutokea. La kwanza: yule aliyeitwa kweli anarudi nyumbani, sababu alingojea sauti ambayo Mungu hakumuahidi. La pili: yule asiyeitwa anabaki, sababu aliidhani tamaa yake mwenyewe kuwa sauti ya Mungu. Halafu yeye anateseka maisha yote, na wakristu wake wanateseka pamoja naye.

Basi, katika kurasa hizi tutafute pamoja mambo matatu: wito ni nini, unatambulikana kwa alama gani, na mwanzo wa kumufuata Bwana Yezu ni upi.

1. Wito wa kwanza ni ule wa Ubatizo

Tunapotamka neno "wito", watu wengi wanafikiri mara moja kanzu nyeupe na altare. Hilo ni kosa. Kabla ya wito wa upadri kuna wito mwingine ulio mukubwa zaidi, nao ni wa kila mukristu: kuwa mufuasi wa Yezu. Siku ya Ubatizo tuliitwa kwa jina letu. Miito mingine yote, ile ya ndoa, ya utawa, ya ukatekista na ya upadri, inaota juu ya shina hilo moja.

Tuwaangalie wenyeheri wa inchi yetu. Isidoro Bakanja alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 katika Ekwatere. Hakuwa padri wala mutawa. Alikuwa mutumishi wa kawaida, aliyesaidia kazi ya ujenzi, kisha kazi za nyumbani kwa muzungu wa shamba. Alivaa skapulari, alisali, na aliwafundisha wenzake kusali. Juu ya hiyo alipigwa vibaya sana, vidonda vyake havikupona, akafa tarehe 15 Agosti 1909 akiisha kumusamehe aliyemupiga. Baba Mutakatifu Yoane Paulo II alimutangaza mwenyeheri mwaka 1994.

Karibu yetu zaidi kuna Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Yeye alikuwa na kazi ya kupima vyakula vinavyovuka mpaka. Walimuletea feza ili afumbe macho, vyakula vilivyooza vipite na kuuzishwa kwa watu. Alikataa, na wakamuua mwezi wa Julai 2007. Alitangazwa mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Hakuwa padri, alikuwa mufuasi.

Kwa hiyo, kijana anayeuliza kama ameitwa kuwa padri anapashwa kwanza kujiuliza: je, mimi ni mufuasi? Kama hapendi kusali sasa, kanzu haitamufundisha kusali. Kama anaiba mitihani sasa, mikono yenye mafuta matakatifu haitaacha yenyewe kuiba. Eklezia imelielewa jambo hilo. Katika maagizo mapya ya malezi ya mapadri, yaliyotoka Roma tarehe 8 Desemba 2016, miaka ya filosofia inaitwa wakati wa ufuasi. Inatangulia miaka ya teolojia, ambamo seminari anafananishwa na Kristu Muchungaji. Kwanza mufuasi, halafu muchungaji.

2. Siku moja kando ya Yordani

Tufungue sasa Evanjili ya Mutakatifu Yoane, sura ya kwanza, tangu mustari wa 35. Tusome pole pole, maana pale tunaonyeshwa namna wafuasi wa kwanza walivyoanza.

Yoane Mbatizaji anasimama pamoja na wanafunzi wake wawili. Yezu anapita. Yoane anamukazia macho, anawaambia kwamba huyo ndiye Mwanakondoo wa Mungu. Wale wawili wanamuacha mwalimu wao, wanamufuata Yezu kwa nyuma, bila kusema neno. Yezu anageuka, anawaona, anawauliza wanatafuta nini. Nao wanamujibu kwa ulizo lingine: wanataka kujua anakaa wapi. Anawaambia waje waone. Wanakwenda, wanaona, wanashinda naye siku ile.

Ndugu, tuangalie mambo manne.

La kwanza: hakuna ngurumo, hakuna malaika, hakuna ndoto. Kuna mwalimu anayeonyesha kwa kidole, na vijana wawili wenye masikio. Wito wa Andrea ulipita katika kinywa cha mutu mwingine. Tena neno ambalo Yoane alisema halikuwa amri. Hakuwaambia wamufuate Yezu. Aliwaambia tu Yezu ni nani.

La pili: neno la kwanza la Yezu katika Evanjili hiyo yote ni ulizo. Hawapi sheria, hawapi kazi. Anawauliza wanatafuta nini. Hata leo ndilo ulizo ambalo Bwana anamuuliza kila kijana kwenye mulango wa seminari: unatafuta nini hapa? Ni vizuri kujibu kwa ukweli, maana yeye anajua jibu mbele yetu.

La tatu: wao hawakuuliza mushahara wala cheo. Waliuliza makao yake. Walitaka kuwa pamoja naye. Mutakatifu Marko anasema vilevile juu ya wale Kumi na Wawili: Yezu aliwaweka kwanza wawe pamoja naye, halafu awatume kuhubiri. Anayetaka kutumwa bila kukaa na Bwana atakuwa kama mutu anayekimbia na barua ambayo hakuisoma.

La ine: Yoane aliandika saa. Ilikuwa saa ya kumi kwa hesabu ya Wayahudi, waliohesabu tangu jua kupanda. Kwetu ni kama saa 16. Muzee yule alipoandika Evanjili, miaka mingi sana ilikuwa imepita, lakini saa ile haikutoka katika moyo wake. Si kila mutu atakuwa na saa moja ya namna hiyo. Wengine walianza kumupenda Yezu pole pole, kama mutoto anayekua bila kujua siku aliyoongezeka urefu. Lakini kila mufuasi anapashwa kuwa na kumbukumbu ya pahali na wakati aliposhinda pamoja na Bwana. Asiye na kumbukumbu hiyo aanze leo kuitafuta, mbele ya tabernakulo, katika ukimya.

Tuone tena kilichofuata. Andrea anamutafuta ndugu yake Simoni, anamupeleka kwa Yezu. Kesho yake Filipo anamutafuta Natanaeli. Natanaeli anazarau: haamini kwamba kitu chema kinaweza kutoka Nazareti. Filipo hashindani naye kwa maneno; anamualika tu aje aone. Hapa tunapata alama ya kweli ya ufuasi unaoanza: aliyemupata Yezu hawezi kumuficha. Kijana anayesema anaitwa, lakini hakumuleta hata mudogo wake kwenye Misa, ajichunguze.

3. Samweli hakujitambua peke yake

Kuna hadisi nyingine ambayo wakatekista wetu wanaipenda, katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 3. Mutoto Samweli analala katika hekalu. Mungu anamuita. Mutoto anaruka, anakimbia kwa muzee Eli, sababu anafikiri ni yeye aliyemuita. Mara tatu anafanya vile. Mara ya tatu muzee anaelewa, na anamufundisha namna ya kujibu.

Watu wengi wanaisoma hadisi hii ili wapate sauti ya usiku. Lakini tusome vizuri: Samweli aliisikia sauti, na hata hivi hakuitambua! Angekuwa peke yake, angelala tena mpaka asubuhi. Ilihitajika sikio la muzee. Na muzee huyo hakuwa mutakatifu wa ajabu: macho yake yalikuwa yamefifia, na watoto wake walikuwa wabaya, naye hakuwakemea ilivyopashwa. Pamoja na ukosefu wake wote, Mungu alimutumia.

Neno hili linatufaa sisi waseminari na mapadri. Anayetaka kujiongoza mwenyewe anaongozwa na kipofu. Umwendee baba wa roho, umufungulie moyo wote, usimuonyeshe tu upande unaong'aa. Usiseme: "Huyu padri ana makosa yake, atanifundisha nini?" Eli vilevile alikuwa na makosa. Na sisi tunaosikiliza vijana tukumbuke: Eli hakusema kwa pahali pa Mungu. Alimurudisha mutoto kwenye kitanda chake, ili amusikie Mungu mwenyewe. Kazi yetu ni hiyo, tusiipite.

4. Alama tatu

Sasa tufike kwenye mafundisho ya Eklezia. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kulikuwa na mabishano makubwa katika Ufaransa. Wengine walifundisha kwamba wito wa upadri ni mvuto ambao mutu anausikia ndani ya moyo, asiyeusikia, hakuitwa. Kanoniko Joseph Lahitton aliandika kitabu mwaka 1909 ili aonyeshe kwamba sivyo. Mabishano yakafika Roma. Papa Pio X akaweka makadinali wachunguze kitabu kile, na jibu likatoka katika mwaka 1912: kitabu kilisifiwa. Jibu lile lilisema mambo matatu. Hakuna mutu mwenye haki ya kupewa upadri kabla ya Askofu kumuchagua kwa uhuru. Mvuto wa ndani si wa lazima ili mutu awe na wito. Na kinachotakiwa kwa yule atakayewekwa padri ni nia nyofu pamoja na kufaa kwake, kwa maumbile na kwa neema.

Kwa hiyo tunaweza kutaja alama tatu.

Alama ya kwanza ni nia nyofu. Maana yake: mutu anataka upadri kwa sababu ya upadri wenyewe, yaani utukufu wa Mungu na wokovu wa watu. Anautaka kwa uhuru, na anaendelea kuutaka, hata siku ambayo mvuto umekauka kama mto wakati wa kiangazi. Mvuto ni zawadi nzuri, tukiupewa, tushukuru. Lakini nia ni jambo la utashi, si la damu kuchemuka.

Alama ya pili ni kufaa. Mwili wenye afya ya kutosha, akili ya kutosha kwa masomo, moyo uliotulia, upendo wa kazi, usafi wa moyo uliozoezwa kwa muda murefu, ukweli wa maneno, uwezo wa kutii na wa kukaa na wengine. Tutie mukazo juu ya hilo la mwisho. Padri anatumwa kwa watu wote. Fratri ambaye hawezi kula meza moja na mwenzake wa kabila lingine bila kusengenya, ana kasoro iliyo kubwa kuliko kushindwa katika Kilatini. Inchi yetu ilikwisha kulipa machozi mengi juu ya ubaguzi huo.

Alama ya tatu ni mwito wa Askofu. Mpaka pale, kijana anaweza kusema: "Ninatumaini kwamba Mungu ananiita." Siku Askofu anapomuita kwa jina lake, naye anajibu kwamba yupo, siku ile tumaini linakuwa hakika. Ndiyo sababu walezi wanaangalia, wanaandika, wanatoa shauri. Hawafanyi kazi ya polisi. Wanamusaidia Askofu kusikia.

Rafiki yangu uliyeniambia kwamba hujasikia kitu, basi sikia hili. Usiulize tena: "Sauti iko wapi?" Uulize: "Nia yangu ni nyofu? Ninafaa? Eklezia inasema nini juu yangu?" Katika maulizo hayo matatu Mungu anasema kwa sauti ya kutosha.

5. Mufano wa Padri Stefano Kaoze

Sisi Wakongo tuna baba katika njia hii. Stefano Kaoze alizaliwa katika inchi ya Marungu, upande wa magaribi wa ziwa Tanganyika, kabla ya Wapadri Weupe kujenga misioni mingi kule. Alisoma katika seminari ndogo ya Mpala, kisha akaendelea na filosofia na teolojia. Monsinyori Victor Roelens alimupa upadri tarehe 21 Julai 1917 kule Baudouinville, pahali ambapo leo panaitwa Moba. Alikuwa padri wa kwanza Mukongo wa nyakati hizi zetu. Alifariki mwaka 1951.

Tufikiri kidogo juu ya njia yake. Mbele yake hakukuwa na padri Mukongo hata mumoja ambaye angeweza kumuangalia na kusema: "Nitakuwa kama huyu." Hakukuwa na kaka wa kumutangulia seminari na kumuonyesha njia. Alihitaji kuamini neno la Eklezia, na kuendelea mwaka baada ya mwaka katika masomo ya lugha ambazo mama yake hakuzisema. Alama zake hazikuwa nyingine ila zile tatu: nia isiyobadilika, kufaa kulikopimwa kwa muda murefu, na Askofu aliyemuita.

Na jambo lingine: tangu mwaka 1910, angali mwanafunzi, maandiko yake juu ya roho na mawazo ya Wabantu yalianza kutoka katika gazeti la Kifaransa. Kwa hiyo kuitwa hakukumungoa katika watu wake. Alisoma mambo ya Wazungu, lakini aliendelea kuuliza watu wake wanafikiri nini. Fratri anayeona haya juu ya kijiji chake, anayesahau lugha ya wazee wake kabla ya kumaliza kidato, asifikiri kwamba hiyo ni alama ya wito. Filipo alikuwa mutu wa Betsaida, na Evanjili haikuficha jina la muji wake.

6. Nia zinazochanganyika

Sasa tuseme wazi jambo linaloumiza. Katika sehemu nyingi za inchi yetu, seminari ni masomo mazuri kuliko yale yanayopatikana karibu. Mutoto anakula, anasoma, ana kitanda. Muzazi asiye na feza anafurahi. Jamaa yote inafurahi: kesho tutakuwa na mutu wa kutusaidia. Baba mudogo anahesabu tayari ada ya shule ya watoto wake. Kijana mwenyewe anaona heshima ambayo padri anapewa, kiti cha mbele, kuku anayechinjwa.

Tufanye nini na nia za namna hiyo? Wengine wanasema: zifukuzwe zote, na mwenye kuwa nazo afukuzwe. Mimi sisemi vile. Yakobo na Yoane, wana wa Zebedeo, walimufuata Yezu kweli, lakini wakamuomba viti vya kuume na vya kushoto. Yezu hakuwafukuza. Aliwauliza kama wanaweza kunywa kikombe chake, akawafundisha kwamba mukubwa ni yule anayetumikia. Nia ilianza ikiwa na takataka kama muchele kutoka shamba, ilipepetwa njiani.

Lakini muchele lazima upepetwe. Nia mbaya inayokubali kuitwa kwa jina lake inaweza kusafishwa. Nia mbaya inayojificha nyuma ya maneno matakatifu inaoza ndani. Kwa hiyo, kijana amuambie baba wa roho bila haya: "Padri, mimi nilikuja sababu ya masomo." Au: "Nilikuja sababu mama alilia." Siku anayoyasema hayo, ameanza kujibu lile ulizo la Yezu. Pengine atagundua kwamba, tangu wakati ule, Bwana amekwisha kumupatia sababu nyingine iliyo bora. Pengine atagundua kwamba sababu ile ya kwanza ndiyo peke yake iliyobaki. Basi, aondoke kwa amani.

Na kwa wazazi tuseme: sheria ya Eklezia inakataza kabisa kumulazimisha mutu kupokea upadri, kwa sababu yoyote ile. Vilevile inakataza kumuzuiza yule anayefaa. Kumusukuma ni kosa, na kumufunga njia ni kosa. Upadri haupewi mutu kabla ya miaka 25 kamili, ili awe amekwisha kupevuka na kujibu yeye mwenyewe.

7. Yule anayerudi nyumbani

Fratri mumoja alikuja kwangu siku moja magaribi. Alikuwa anasoma vizuri, walezi hawakuwa na neno juu yake. Alikaa muda bila kusema, kisha akaniambia kwamba tangu miaka miwili alijua njia yake si hii. Kwa nini alibaki? Akanijibu: "Padri, siku nilipovaa kanzu, kijiji kizima kilicheza ngoma. Mama aliuza mbuzi wake wawili. Nitapita njia gani kwa kurudi?"

Ndugu, tukae kidogo mbele ya neno hilo. Kijana yule angeweza kufika kwenye altare juu ya mbuzi wawili. Angesema ndiyo mbele ya Askofu kwa kuogopa macho ya watu. Nani angekuwa na kosa? Yeye, kweli. Lakini sisi pia, tuliofundisha wakristu kwamba kutoka seminari ni kuanguka.

Mutakatifu Marko, katika sura ya 5, anatuelezea mutu wa inchi ya Wagerasi, ambaye Yezu alimutoa pepo wengi. Alipopona, mutu yule alimuomba Yezu sana amuache aende naye katika mutumbwi. Nia yake ilikuwa nzuri sana. Na Yezu alikataa. Alimuagiza arudi nyumbani kwa watu wake, awaelezee rehema aliyotendewa. Naye alikwenda katika ile Miji Kumi, akahubiri, watu wote wakashangaa. Je, mutu huyu alikosa wito? Hapana. Wito wake ulikuwa njia ya kurudi nyumbani.

Kijana yule niliyemutaja alirudi. Mimi na paroko wake tulimusindikiza mpaka kwa mama yake. Tulieleza mbele ya wazee kwamba mutoto hakufukuzwa, hakutenda aibu, ametafuta mapenzi ya Mungu na ameyaona. Mama alilia, kisha akapika. Leo kijana yule ni baba wa jamaa na mwalimu, na watoto wa shule wanajua kusali. Afazali baba mwema wa jamaa kuliko padri asiyeitwa. Padri asiyeitwa anavunja mioyo mingi, kuanzia wake mwenyewe.

8. Mashauri kwa wakatekista na mapadri

Wakatekista wapenzi, ninyi ndio Yoane Mbatizaji na Andrea wa vijiji vyetu. Padri anapita mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi mitatu. Ninyi mnamuona mutoto kila siku. Basi mufanye hivi.

Musitafute watoto wenye kusali kwa sauti kubwa tu. Mutazame yule anayechota maji kwa mujane bila kutumwa. Anayesema ukweli hata akipigwa. Anayegombana na mwenzake asubuhi na kupatana naye kabla ya jua kushuka. Hapo udongo ni muzuri.

Musimuambie mutoto: "Wewe utakuwa padri." Mumuambie Yezu ni nani, sawa Yoane alivyofanya. Mukiona alama, mumuulize kwa upole kama alikwisha kufikiri jambo hilo. Halafu mumuache na Mungu.

Munapoandikia paroko juu ya kijana, museme mema na mabaya. Barua inayoficha ulevi au uwongo wa mutu ni barua ya kumuua yeye na wakristu wake.

Mapadri wenzangu, tujue kwamba vijana hawasomi kwanza vitabu, wanatusoma sisi. Wale wanafunzi wawili waliuliza Yezu anakaa wapi, wakaenda wakaona. Kijana anayekuja nyumbani kwetu kwa parokia anaona nini? Anaona mutu anayesali, anayewapokea wagonjwa, anayekula kwa kiasi? Au anaona mutu anayehesabu sadaka na kulalamika? Miito mingi imekufa si kwa kukosa sauti ya Mungu, lakini kwa kukosa nyumba ambamo mutu angeweza kuja na kuona.

Na ninyi waseminari, muwe na mambo haya matatu kila siku: robo saa ya Evanjili katika ukimya, kuchunguza zamiri kabla ya kulala, na tendo moja la kumusaidia mwenzenu ambalo hakuna anayelijua. Kila mwezi mufungue moyo wote kwa baba wa roho. Mukifanya hivi mwaka muzima bila kuacha, hamutahitaji ndoto. Mutajua.

Sauti ya Mungu haiogopi kupimwa. Kilicho cha kweli kinapimwa, na kinabaki. Bikira Maria vilevile aliuliza malaika namna jambo lile litakavyokuwa, na Mungu hakukasirika juu ya ulizo lake. Lakini alipokwisha kujibiwa, alitoa maisha yake yote bila kubakiza kitu. Atuombee neema hizo mbili: kuuliza kwa unyofu, na kujibu bila kurudi nyuma.